Ukakasi wa Picha

Picha ikiwa safi sana, watu huitilia shaka. Ikiwa chafu, yaani yenye chembechembe, weusi mzito na uso uliopakwa masizi, husadikiwa kabla haijaulizwa swali hata moja. Ni ushahidi wa ajabu huu, unaopata heshima kwa kuchafuka. Shahidi akifika mahakamani na nguo zilizochanika, hatumwamini kwa sababu ya nguo zake. Picha ya karakana ikifika mbele yetu na michubuko, tunaiamini kwa sababu ya michubuko hiyo.

Ninasoma shahada ya uzamili, na kwa miaka miwili sasa ninapiga picha nyeusi na nyeupe katika karakana za vyuma upande wa Gerezani, Dar es Salaam. Jambo ninaloambiwa mara nyingi kuliko yote ni hili: tafuta mtindo wako. Wanaoniambia hivyo huwa na mtindo fulani akilini. Wanataka picha yenye makali, picha inayokwaruza. Kiswahili kina neno zuri kwa hisia hiyo: ukakasi. Ni ile hali ya ulimi kukaza baada ya kung'ata ndizi mbichi au bibo. Siku hizi tunalitumia hata kwa maneno na maamuzi yanayotukwama kooni. Picha nzuri ya viwandani, naambiwa, lazima iwe na ukakasi.

Nakubali. Swali langu ni ukakasi huo unatoka wapi. Katika ndizi mbichi, umo ndani ya ndizi. Haupakwi kwenye sahani. Je, mpigapicha ana haki ya kumpaka mtu ukakasi ambao mtu huyo hakuja nao?

Tuanze na asili ya mtindo wenyewe, maana haukuota Gerezani. Mwaka 1937 Bill Brandt, mzaliwa wa Hamburg aliyehamia Uingereza, alisafiri kwenda kaskazini mwa nchi hiyo, kwenye miji ya makaa ya mawe iliyokuwa imepigwa na ukosefu wa kazi. Moja ya picha zake inamwonyesha mchimbaji wa Northumberland akila chakula cha jioni kabla ya kunawa. Uso wake ni mweusi kwa vumbi la makaa. Mkewe, safi, ameketi karibu naye. Nguvu yote ya picha imo katika tofauti hiyo. Uso ni mweusi kwa sababu kazi imeufanya mweusi, na tunajua chini ya vumbi uko uso wa rangi nyingine.

Miaka mingi baadaye Brandt alizichapa upya picha zake za zamani kwa weusi mkali zaidi kuliko alipozichapa mara ya kwanza. Kijivu kilipungua, vivuli vikafungwa. Negativu ilikuwa ile ile, mchimbaji yule yule, sahani ile ile mezani. Kilichobadilika ni ladha ya mpigapicha. Basi ukali ambao watu wengi wanaujua leo kama ukali wa Uingereza ya njaa ya miaka ya 1930, kwa sehemu yake kubwa, uliongezwa katika chumba cha giza, njaa ile ikiwa imeshapita. Sisemi Brandt alidanganya. Nasema ukali ni uamuzi, na kila uamuzi una mtu wa kuulizwa.

Huko Tokyo, mwaka 1968 na 1969, jarida la Provoke lilitoa matoleo matatu tu, lakini likaacha maneno matatu ambayo wanafunzi wa picha bado wanayakariri: are, bure, boke. Yaani picha iliyoparuza, iliyotikisika, isiyolenga sawasawa. Daido Moriyama na wenzake walikuwa na hoja. Waliona picha safi za magazeti na matangazo zimezoea kusema uongo kwa adabu, wakaamua kuivunja adabu hiyo. Kwao mikwaruzo ilikuwa ubishi. Leo mikwaruzo hiyo hiyo imo ndani ya simu yangu. Nikigusa kioo mara moja, chembe zinajitokeza, kingo zinaungua, anga inakuwa na hasira. Ubishi umekuwa kitufe, na kitufe hakimbishii mtu.

Sasa chukua kitufe hicho uende nacho karakanani Gerezani, utaona kinafanya nini.

Watu ninaowapiga picha ni weusi, na wanafanya kazi mahali penye giza. Kipima-mwanga cha kamera hakijui uso wa mtu. Kinadhani kila kilicho mbele yake, kikichanganywa pamoja, ni kijivu cha wastani. Mlango ukiwa wazi nyuma ya fundi, kamera inauona mwanga wa mlango na kuhesabu kwamba pana mwanga wa kutosha, kisha uso wa fundi unazama. Ongeza ukali juu ya hapo, funga vivuli kama wanavyoelekeza wenye kufundisha mtindo huu, na kinachobaki ni macho na meno. Picha ya mtu mweusi iliyobaki macho na meno ina historia yake. Wakoloni waliichora katika vikaragosi vyao kwa miongo mingi, bila kuhitaji kamera. Kile kilichompa mchimbaji wa Brandt utu, yaani weusi unaotuambia kazi imemfanya nini, kinaweza kumnyang'anya fundi wa Gerezani uso wake wote. Kanuni ni moja, mtindo ni mmoja, na matokeo yanapingana.

Kwa hiyo jambo la kwanza nililojifunza katika kutafuta mtindo lilikuwa la kiufundi, nalo likageuka kuwa la kimaadili. Napima mwanga kwenye shavu, siyo mlangoni. Mlango na uungue, uwe mweupe usio na kitu, lakini kijivu cha ngozi kibaki na ngazi zake zote: jasho kwenye paji la uso, masizi kwenye kidevu, kovu la cheche juu ya nyusi. Masizi kwenye ngozi nyeusi yanaonekana, ukijali kuyatafuta. Hayang'ai kama ngozi inavyong'aa. Lakini ukifunga vivuli, ngozi na masizi vinakuwa kitu kimoja, na hapo umesema jambo baya bila kufungua mdomo.

Jambo la pili nilifundishwa na fundi mkuu wa karakana moja, mzee anayetengeneza mapanga na majembe kwa springi za malori makuukuu. Jina lake limo kwenye maelezo ya kila picha yake. Hapa namwita fundi tu, kwa kuwa tulikubaliana jina liende pamoja na picha, lisitembee peke yake. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikipiga giza la karakana yake kama dalili ya hali ngumu: bati lililochoka, ukuta uliovimba kwa masizi, hakuna dirisha. Siku moja nilimuuliza kama mwenye jengo amekataa kuweka taa.

"Taa ya nini, binti yangu?" akanijibu. "Nikiweka taa, chuma nitakionaje?"

Akanionyesha. Springi ikiingia motoni, kwanza haibadiliki. Ikikaribia nyuzi 700 inaanza kuwa nyekundu kama damu iliyokauka, kisha nyekundu ya wazi, kisha rangi ya chungwa, na ikifika nyuzi 1,100 hivi inaelekea njano. Fundi hana kipimajoto. Ana macho. Rangi moja ni ya kupigia nyundo, nyingine ni ya kutumbukiza chuma majini ili kukitia matiko, na ukikosea kidogo panga linatoka laini lisilokata au gumu linalovunjika kama kigae. Juani rangi hizo hazionekani vizuri; chuma chekundu kinaonekana kama chuma tu. Ndiyo maana wahunzi sehemu nyingi za dunia hufanya kazi kivulini. Giza nililokuwa nikilipiga kama umaskini ni chombo cha kazi. Ni kipimajoto chake.

Hapo ndipo swali la mtindo lilipokuwa zito kwangu. Picha nyeusi na nyeupe inaondoa rangi, na rangi ndiyo elimu yote ya mtu huyu. Chuma cha chungwa na chuma cha njano kwenye picha yangu vyote vinaweza kuwa vyeupe. Ninamwonyesha fundi akiwa amezungukwa na kila kitu isipokuwa kile anachokitazama. Ingekuwa rahisi kusema basi, nipige kwa rangi. Nimejaribu. Rangi inaleta chuma vizuri, na inaleta pia ndoo ya bluu, fulana ya timu ya mpira, turubai la kijani la jirani. Jicho la mtazamaji linakwenda kwenye ndoo. Nyeusi na nyeupe inaweza kufanya jambo moja ambalo rangi inalifanya kwa shida: kulifanya giza lenyewe kuwa kitu, kitu chenye kazi, ambacho ndani yake chuma ndicho taa na uso wa mzee unasomeka kwa mwanga wa chuma hicho. Nikipiga hivyo, naacha mlango nje ya fremu. Weusi wa picha unakuwa weusi anaoutumia yeye. Huo ndio ukakasi unaotoka kwenye tunda.

David Goldblatt wa Afrika Kusini alielewa jambo hili kabla sijazaliwa. Alizaliwa Randfontein, mji wa machimbo ya dhahabu, na mwaka 1973 alitoa kitabu On the Mines pamoja na mwandishi Nadine Gordimer. Sehemu moja ya kitabu hicho inafuata watu wanaochimba shimo la kushukia mgodini. Picha zake zimejaa chembe, zimetikisika, nyingine hazisomeki kwa mara ya kwanza. Zinafanana na picha za Provoke, lakini sababu ni nyingine. Kule shimoni hapakuwa na mwanga, maji yalikuwa yakimwagika, na watu hawakusimama ili wapigwe picha. Chembe zile ni gharama ya kuwa pale. Kwa upande mwingine, alipopiga watu katika nyumba zao mchana, Goldblatt hakuzileta chembe za shimoni sebuleni. Picha hizo ni tulivu, zimelengwa kwa makini, na maelezo yake yanasema ni nani, wapi, mwaka gani. Mtindo wake haukuwa kwenye chembe. Ulikuwa katika kukataa kutumia ukali mahali ambapo ukali haukuwapo.

Kuna pingamizi moja ambalo siwezi kulipuuza, kwa sababu linatoka nyumbani kwetu. Baba yangu alifanya kazi kiwanda cha nguo kwa miaka kumi na minane. Picha pekee tuliyo nayo ya miaka ile alipigwa studio, siku ya mshahara. Amevaa koti la studio, lile la kuazima ambalo kila mteja alivaa, mikono imelala magotini, nyuma yake pazia lenye mto na minazi ya kuchorwa. Hakuna pamba kwenye nywele zake. Hakuna kikohozi. Angeweza kumwomba mpigapicha aje kiwandani, hakutaka. Alikusanya hela, akanawa, akachana nywele, akaenda kupigwa picha kama mtu asiye na kiwanda. Na Kiswahili chetu kinampa haki. Filamu ikipelekwa studio, tunasema inakwenda kusafishwa. Kusafisha picha!

Karakanani nasikia kauli hiyo hiyo kila wiki. Nikiinua kamera, kijana ananiambia, "Dada, subiri nikavae shati." Wenzangu darasani wananishauri nimpige kabla hajavaa, kwamba shati ni kujificha na kifua chenye masizi ndio ukweli. Sikubaliani nao. Shati ni ukweli pia. Ni ukweli kuhusu anavyotaka kukumbukwa na mama yake, na mtu hana sababu ya kuwa mnyofu zaidi mbele ya mgeni kuliko mbele ya mama yake. Lakini picha ya baba yangu nayo inaniacha na njaa. Miaka kumi na minane haimo. Mashine haimo, wala ile kelele iliyomfanya azungumze kwa sauti kubwa nyumbani hadi leo. Koti lile lilimpa heshima, likamnyang'anya kazi yake. Mjukuu wake atakapoiangalia, atadhani babu alikuwa karani.

Kwa hiyo ninapiga zote mbili. Kwanza ya shati, iliyonyooka, mtu anatazama kamera. Hiyo ni yake, namchapia na kumpa. Kisha naomba ya kazi. Aliyekwisha pata picha ya heshima hutulia, na akitulia anarudi kwenye kazi yake kweli kweli, wala haigizi kazi kwa ajili yangu. Hiyo ya pili ndiyo ninayoitia ukali. Sasa inaweza kubeba ukali, kwa kuwa si picha ya pekee iliyopo duniani ya mtu huyo.

Liko jambo moja ambalo utaratibu huu haulimalizi, nalo ni uzuri wa hatari. Hakuna kitu rahisi kupendeza katika picha nyeusi na nyeupe kuliko cheche za grenda. Punguza kasi ya shata, na kila cheche inakuwa mstari mweupe. Kijana aliyeinama nyuma yake anaonekana kama ameshika kimondo. Nina picha ya namna hiyo, na mwalimu wangu anasema ndiyo bora katika kazi yangu yote. Kijana yule hana miwani ya kazi. Mwenzake anayechomelea anatumia miwani ya jua, ambayo haizuii mwanga ule kama kinyago cha kuchomelea kinavyouzuia, na usiku macho yanauma kama yametiwa mchanga. Kadiri picha inavyopendeza, ndivyo jicho lile lisilolindwa linavyoonekana kama ushujaa.

Hili liliwahi kumkumba mtu mkubwa zaidi. Sebastião Salgado wa Brazili alikuwa amesomea uchumi kabla hajashika kamera. Alijua vizuri dhahabu inakwenda kwa nani. Picha zake za mwaka 1986 za machimbo ya Serra Pelada, maelfu ya wanaume waliolowa matope wakipanda ngazi na viroba mgongoni, zilimfanya ajulikane ulimwenguni kote, na mwaka 1993 akatoa kitabu kikubwa juu ya kazi za mikono. Wapo waliosema picha zake zimeremba mateso. Susan Sontag, katika kitabu chake cha mwaka 2003 kuhusu picha za maumivu, aligusa jambo lililonichoma zaidi kuliko lawama ya uzuri. Alitazama picha za Salgado za watu wanyonge waliohama makwao, akaona hazitaji majina yao. Mtu mashuhuri akipigwa picha hutajwa. Mnyonge akipigwa picha huwa mfano wa shida yake.

Nadhani jibu liko karibu na hapo. Uzuri si dhambi. Fundi mwenyewe anapenda uzuri; analing'arisha panga lake zaidi ya linavyohitaji ili likate. Hatari inaanza uzuri unapofanya tusiulize tena. Picha ya cheche yenye maelezo "Mfanyakazi, Dar es Salaam" imekata njia zote za kuuliza. Picha hiyo hiyo yenye jina la kijana, kitu anachokisaga, na sentensi kwamba anafanya kazi hiyo bila miwani, bado inapendeza, lakini inakukaza ulimi.

Mwenzangu mmoja husema ninaiua sanaa kwa sheria: mpigapicha, kwake, anadaiwa na picha peke yake. Namwelewa. Picha iliyojaa adabu inaweza kuwa butu kama tangazo la serikali. Lakini tazama neno lenyewe. Mtindo ni kile unachokirudia, na unachokirudia juu ya watu wengine ni namna ya kuwatendea. Mshonaji ana mtindo juu ya kitambaa. Akikosea, kitambaa hakilalamiki. Mimi ninashona juu ya nyuso. Ikiwa nitaitwa mtu mwenye mtindo, nataka mtindo huo utambulike hata kwa aliyefumba macho asiione chembe hata moja: kwamba katika picha zangu uso hauzami, giza lina sababu, na mtu ana jina.

Onyesho letu la kumaliza masomo linaruhusu picha kumi na mbili. Nimechagua kumi na moja. Picha ya cheche iko mezani, na maelezo yake nimeyaandika kwa ukamilifu, pamoja na habari ya miwani. Kijana ameisoma. Amesema picha ni kali, ila hataki mwenye karakana aione sentensi ile, kwa sababu kesho anahitaji kazi. Bila sentensi siwezi kuitundika. Na sentensi haikubaliki kwa mwenye macho yale. Ukutani patakuwa na nafasi moja tupu.